Mkono Uliogawa Uji

Gesima,
9 Septemba 1972

Mpendwa Manasseh,

Usishangae kuona Kiswahili. Barua ya lugha yetu ya Ekegusii ikitoka hapa au ikiingia, kila anayejua kusoma Biblia huisoma kabla ya mwenyewe, na haya ninayotaka kukuuliza sitaki yafike sokoni. Kiswahili alichotuchapia mwalimu Nyamongo kule Suneka leo kimepata kazi.

Mimi na mwanangu Nyangate tuko wazima. Shemeji yako Thadeus yuko Kericho kwenye mashamba ya chai, na hurudi mwisho wa mwezi. Lakini hapa kuna ugonjwa ambao hatuuelewi.

Mwezi uliopita tulikuwa na makambi ya kanisa kwenye uwanja wa shule. Wanawake tuligawana kazi, mimi nikapewa uji. Niliupika wa wimbi, nikauacha upoe, watu wakanywa mchana wa jua kali, na makambi yakaisha kwa nyimbo. Sasa watu wanaangukia kitandani mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni Mong'ina, binti ya Orpah. Orpah ni mke wa kaka yake Thadeus, nyumba zetu zinatazamana, na huyo mtoto amekulia kwangu kama kwake. Baada yake ni mzee wa kanisa, Angwenyi.

Kwa Mong'ina ilianza kwa kuumwa kichwa. Kisha joto, kila jioni kali kuliko jana yake. Hatetemeki, hatoki jasho, analala tu akitazama dari. Zahanati walitupa klorokwini kwa malaria, akameza zote, na joto halikushuka. Chakula hataki. Orpah ananiuliza mimi kwa sababu nina ndugu anayesomea uganga. Basi nami nakuuliza wewe. Huu ni ugonjwa gani?

Dada yako,
Nyanchera


Nakuru,
15 Septemba 1972

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi bado mwanafunzi na wagonjwa sijawaona, kwa hiyo yapokee maneno yangu kama ya mtu anayetazama kwa mbali. Lakini unayoeleza hayafanani na malaria. Malaria humtetemesha mtu, humchemsha, kisha jasho humtoka akapumzika. Hii inapanda kama mtu anayepanda ngazi, na klorokwini haiigusi. Nadhani ni homa ya matumbo, ile wanayoiita taifodi. Inaletwa na bakteria wanaoingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichopata uchafu kutoka kwa mtu aliye nao.

Mshike mtoto mkono, sikiliza mshipa. Mwili ukiwa moto sana na mshipa ukaenda taratibu, hiyo ni alama. Tazama ulimi, utakuta katikati mweupe na kingo nyekundu. Ukilibonyeza tumbo upande wa kulia chini atalalamika. Wengine hufunga choo kwanza, baadaye wakaharisha kama supu ya ndengu. Akianza kusema ovyo na kuvutavuta blanketi, amezidiwa.

Msingoje mpaka hapo. Mpelekeni hospitali kubwa ya Kisii, yeye na mzee Angwenyi. Dawa ipo, inaitwa kloramfenikoli, na watu hupona nayo. Na sikiliza hili, umwambie Orpah mwenyewe kwa mdomo wako: mtoto asipewe dawa ya kumfanya aharishe, iwe ya mizizi au ya duka. Ugonjwa huu hula utumbo kwa ndani. Ukisukumwa, utumbo unatoboka. Maumivu huja ghafla na tumbo linakuwa gumu kama ubao, na hapo hata daktari huwa amechelewa.

Chemsheni maji yote ya chemchemi. Mnawe mikono kwa sabuni mkitoka chooni.

Ndugu yako,
Manasseh Ondieki


Gesima,
27 Septemba 1972

Manasseh,

Mong'ina tulimzika juzi.

Barua yako ilipofika nilivuka uwanja nayo mkononi nikamsomea Orpah, nikimgeuzia kila neno kwa lugha yetu. Alikubali. Alishaanza kufunga nguo za mtoto. Mama mkwe akaingia akasema mtoto hawezi kusafiri na uchafu tumboni, asafishwe kwanza, yeye amelea watoto wake wote hivyo na wako hai. Nilisema hapana. Nilisema ndugu yangu amekataza. Akaniambia, "Ndugu yako amezaa watoto wangapi?" Orpah alinyamaza. Alikuwa amechoka, Manasseh, hakuwa na nguvu ya kubishana na mama wa mumewe. Mizizi ikachemshwa, mtoto akanyweshwa.

Alasiri alipiga ukelele mmoja, akashika tumbo. Nililigusa. Lilikuwa gumu kama ulivyoandika. Tulimbeba kwa blanketi mpaka barabarani, gari linalokusanya majani ya chai likatuchukua. Hatukufika Keroka. Dereva alisimamisha gari, akazima injini, akashuka akatuacha peke yetu naye.

Mzee Angwenyi alipelekwa Kisii siku iliyofuata, anapewa hiyo kloramfenikoli, na wanasema joto limeanza kushuka. Kwa hiyo ulikuwa sahihi.

Lakini kuna jambo jingine. Maji tunachemsha, nimesimamia mwenyewe nyumba zote mbili. Na bado mama mkwe ameanguka. Mimi ndiye ninayemlisha na kumwosha, kwa kuwa Orpah hawezi hata kuamka. Ndugu zake Orpah walikwenda kwa mwaguzi huko Magwagwa. Sikuambiwa, nimesikia kwa watoto. Aliwaambia wamtafute anayegawia wote na yeye haumwi.

Jana nilipofika chemchemi wanawake walichukua mitungi yao wakaondoka kabla haijajaa.

Nyanchera


Nakuru,
4 Oktoba 1972

Dada Nyanchera,

Pole kwa Mong'ina.

Nijibu haya haraka na bila kuficha. Wote walioumwa walikunywa ule uji? Uji ulipopoa, ulitia kitu ndani yake? Ulitia nini, na ulikoroga kwa mkono au kwa mwiko? Mama mkwe alikula nini kutoka kwako kabla ya kuumwa? Na ile homa iliyokulaza Suneka mwaka ule kabla hujaolewa, mama alipokunyoa nywele kwa sababu zilikuwa zinadondoka, ilikaa muda gani?

Kuanzia leo usimpikie mtu yeyote. Usimkamulie mtu maziwa. Usimlishe mama mkwe, apelekwe hospitali alishwe huko. Sababu nitakuambia nikiwa na hakika.

Usimwonyeshe mtu barua hii.

Manasseh


Gesima,
11 Oktoba 1972

Manasseh Ondieki,

Nilitia maziwa. Niliyakamua mwenyewe kutoka kwa ng'ombe wangu, nikayamimina kwenye uji uliopoa, nikakoroga kwa mwiko, na mwiko ulipotumbukia nikaingiza mkono nikauokota. Ndiyo, wote waliunywa. Ndiyo, mama mkwe hunywa maziwa yangu kila asubuhi. Sasa umepata ulichotaka. Waandikie na ndugu zake Orpah, maana wao wameniuliza maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, ila wao waliniuliza usoni.

Nilidhani nikiwa sina mtu hapa nina mtu Nakuru. Tumenyonya ziwa moja. Umekaa na vitabu vya wazungu miaka miwili, na lilipokuja neno la mwaguzi ukaliamini kabla yangu.

Mama mkwe amepelekwa Kisii. Mzee Angwenyi aliyerudi akiwa mzima ndiye aliyewalazimisha. Kwa hiyo silishi mtu, furahi.

Isipokuwa mmoja. Nyangate ameamka leo anasema kichwa kinamuuma. Atapikiwa na nani kama si mimi? Hakuna nyumba inayotufungulia.

Usiandike tena.

Nyanchera


Gesima,
19 Oktoba 1972

Kwa shemeji yangu Manasseh,

Salamu kutoka kwangu Thadeus Onsongo. Nimeitwa kutoka Kericho na mambo niliyoyakuta yananishinda.

Walikuja watu mchana, dada yako akiwa kwenye zizi. Waliezua paa la jiko lake, wakavunja vyungu, na mtungi wa maziwa wakaupasua mlangoni. Walimwambia wakirudi haitakuwa jiko. Baadhi yao ni watu ninaosali nao.

Shemeji, mimi sisemi mke wangu ni mchawi. Nimeishi naye, namjua. Lakini wananiuliza kwa nini kila aliyekula mkononi mwake ameumwa. Nilimwambia arudi kwenu Suneka kwa muda, watu watulie. Hapo ndipo nilipoharibu. Amejifungia ndani na mtoto. Nyangate anaumwa, joto lake nalisikia nikimgusa kupitia dirishani. Nikisema twende hospitali anajibu kwamba akipita barabarani na mtoto mgonjwa watasema anakimbia, na hatafika. Anasema mtu akitaka kumgusa mtoto apite juu yake.

Kaka yangu haongei nami. Mkewe Orpah hukaa kwenye kizingiti chake akitazama mlango wetu siku nzima.

Njoo umchukue dada yako. Au mwandikie neno, labda wewe atakusikia. Nakuomba kama mtu aliyefika mwisho.

Thadeus


Nakuru,
21 Oktoba 1972

Dada yangu Nyanchera,

Barua hii inaletwa na Nyamweya, dereva wa lori la pareto. Nimemwambia asiitoe ila mkononi mwako. Mkuu wa chuo hayupo, lakini akinipa ruhusa au asiponipa, mimi ninafuata. Nyangate hawezi kuningoja. Isome yote kabla hujaichana.

Mimi sijasema umeroga. Nilikuuliza vibaya. Niliogopa barua isomwe na watu wa huko, na niliogopa kuwa nimekosea, kwa hiyo nikaandika kama polisi. Sasa nimemuuliza daktari anayetufundisha, nikampa majibu yako bila kutaja jina. Akasema, "Huyo mama mwenyewe anahitaji kupimwa."

Homa iliyokulaza Suneka nadhani ilikuwa homa hii hii ya matumbo. Ulipona wewe. Wao bakteria hawakuondoka wote. Kwa watu wachache hujificha kwenye mfuko wa nyongo, wakakaa humo miaka, wakitoka na choo kidogo kidogo. Mtu huyo haumwi. Ananenepa, analima, anazaa. Lakini mkono wake ukigusa maziwa au uji uliokwisha kupoa, wanashuka humo na wanaongezeka. Ndiyo maana kuchemsha maji ya chemchemi hakukusaidia. Hawakutoka chemchemi.

Hukujua. Hakuna ambaye angejua. Huo si uchawi, ni ugonjwa ulio ndani yako kama ulivyo ndani yao, tofauti ni kwamba kwako umelala.

Sasa fungua mlango. Mpe Thadeus mtoto ambebe yeye, wewe tembea nyuma yao. Mzee Angwenyi atembee nanyi, nimemwandikia pia, na barabarani hakuna atakayemgusa yeye. Mtoto asipewe kitu cha kumfanya aharishe. Mwambieni daktari kwamba kwa Mong'ina klorokwini haikufaa na kwamba nyumba hii ina taifodi. Na wewe uombe kupimwa choo.

Ukikataa, Nyangate ataenda alikoenda Mong'ina. Nimeandika hivyo kwa makusudi.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Manasseh


Hospitali, Kisii,
7 Novemba 1972

Mdogo wangu,

Tangu ulipoondoka hapa Nyangate ameendelea vizuri. Ile wiki ya kwanza uliiona mwenyewe, alivyokuwa akiongea na Mong'ina kama amekaa naye kitandani, nami nikimwomba Mungu asimjibu. Sasa joto limeshuka na halijarudi. Amekonda, masikio ndiyo makubwa. Daktari anasema dawa ataendelea nayo hata akionekana mzima, kwa sababu anayeacha mapema huangushwa upya.

Jana njaa ilimrudia. Muuguzi alimletea uji akaukataa, akataka nimlishe mimi. Nilikaa mbali, mikono nimeikalia. Alilia. Alisema, "Mama, umenikasirikia?" Muuguzi akanitazama, nami nikatoka nje, nikasimama karibu na mahali wanapoanika mashuka mpaka aliponyamaza na kula.

Majibu yangu yametoka. Yametoka kama ulivyosema.

Nimekaa na karatasi yao siku nzima. Unataka nifarijike kwa kuwa si uchawi. Najaribu. Lakini Manasseh, wao walisema ugonjwa umetoka mkononi mwangu, na umetoka mkononi mwangu. Yule mwaguzi hajui bakteria na alionyesha kidole mahali penyewe. Mong'ina alikunywa bakuli mbili za uji wangu siku ile. Nilimwongeza kwa sababu nampenda. Hilo nitalipeleka wapi?

Wananipa ampisilini, vidonge vingi, kwa muda mrefu. Nitakaa Suneka kwa mama nikivimeza. Nyangate akitoka hapa Thadeus atampeleka nyumbani. Sijui nani atampikia.

Niambie nifanye nini na watu wa Gesima.

Nyanchera


Nakuru,
14 Novemba 1972

Dada,

Usiwaambie.

Nimefikiri sana, na najua si jibu unalolitarajia kutoka kwa mtu anayesomea afya. Waambie ilikuwa chemchemi. Mzee Angwenyi awahimize wachimbe vyoo na wachemshe maziwa, faida itakuwa ile ile. Ukiwaambia kwamba ni wewe, hawatasikia neno bakteria. Watasikia kwamba umekiri. Nimeona walichomfanyia mtu aliyekiri, nikiwa mdogo, na wewe ulikuwepo. Ulinifunika macho.

Meza dawa, upone, urudi kimya kimya.

Manasseh


Suneka,
22 Januari 1973

Manasseh,

Nimewaambia.

Ningekutii, lakini tulipomchukua Nyangate hospitali, watu wa Gesima walikuwa wamekubaliana kuiziba chemchemi. Mtu fulani aliwaambia ni maji. Watoto wangechota mtoni chini, ambako ng'ombe wanaoshwa. Nikaona kwamba uongo wetu nao utaua, ila huo utakuwa wa makusudi.

Nilimwomba mzee Angwenyi nafasi baada ya ibada ya Sabato. Thadeus alisimama kando yangu. Hakuniuliza nitasema nini, alisimama tu, na hilo sitalisahau. Nilisema kwa lugha yetu. Nikawaambia nilikuwa na homa kabla sijaolewa, kwamba haikutoka yote, kwamba hospitali imepima choo changu na kuiona. Niliona aibu kutaja choo mbele ya wazee kuliko kutaja kifo. Nikasema uji ulikuwa wangu na maziwa yalikuwa yangu, na sikujua.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo umekubali?" Nikasema, "Nimekubali kwamba nina ugonjwa." Akarudia swali lake, nami nikarudia jibu langu. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, bado dhaifu, na fimbo. Alisema, "Mtoto alikunywa uji akaumwa. Aliyempa mizizi ni mimi." Hakumtazama mtu. Yule mzee akaketi.

Orpah alitoka nje katikati ya maneno yangu. Nilimwona kupitia dirishani akitembea kwenda nyumbani, si kwa haraka.

Hawakunipiga. Hawakunisalimia pia. Chemchemi haikuzibwa, vyoo vinachimbwa. Nilirudi Suneka jioni ile ile.

Na dawa imeshindwa. Nilimaliza vidonge vyote, wakapima tena, wamo. Daktari anasema iliyobaki ni kupasuliwa na kuondolewa mfuko wa nyongo, na hilo ni Nairobi. Ukisema kwamba ninaogopa, nitakubali. Lakini nikibaki hivi, kila sufuria nitakayoinua nitaiogopa zaidi.

Dada yako


Nairobi,
30 Aprili 1973

Kwa Mama Mong'ina,

Sijui kama utaifungua hii. Ukiichoma nitaelewa.

Thadeus ameniandikia kwamba Nyangate anakula kwako. Sikuomba hilo, nisingethubutu. Hakunieleza lilianzaje.

Walinipasua mwezi wa pili. Kidonda kilichelewa kupona ndiyo maana nimekawia. Wamepima mara kadhaa tangu hapo, na majibu yote yametoka safi. Jana daktari aliniambia naweza kupika. Alisema tu hivyo, akafunga faili. Ndugu yangu aliyekuja kunichukua alicheka kwa furaha, mimi nikabaki nimekaa.

Sitaki kukuomba msamaha kwa barua, kwa sababu ukinijibu ndiyo au hapana utakuwa umelazimishwa na mimi. Nataka ujue tu kwamba nilimwongeza uji mara ya pili kwa kuwa alisema ni mtamu. Nimeliweka ndani muda wote huu na wewe ndiye mwenye haki ya kulijua.

Ukiniambia nisirudi, nitabaki Suneka, na Thadeus atamleta mtoto huko. Nitafanya utakavyosema.

Nyanchera


Gesima,
18 Mei 1973

Kwa Mama Nyangate,

Mimi niliishia darasa la nne, Kiswahili changu utakipanga mwenyewe. Nimejaribu kuandika kwa lugha yetu na maneno yanakataa kutoka. Kwa hii lugha ni kama anasema mtu mwingine, nikaona afadhali.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Huo uji wa pili nilijua. Mong'ina aliniambia siku ile ile, alikuja akikimbia na masharubu ya uji, akasema mama mdogo amenipa tena. Kwa hiyo hujaniambia kitu kipya.

Nitakuambia ukweli wangu. Siku uliposimama kanisani nilitoka kwa sababu nilikuamini. Ningekuwa sikuamini ningekaa nikutukane. Ungekuwa umeroga, ningejua la kufanya nawe. Ningekuchukia nikalala usingizi. Lakini unasema hukujua, na mimi nilikuona ulivyombeba mtoto wangu kwenye blanketi, ulivyombeba upande wa kichwa ili asitingishike. Nimetafuta wa kumchukia. Nikamtafuta mama mkwe, naye ameshajihukumu, hali chakula vizuri, anaamka usiku kuniomba maji ambayo hanywi. Nikajitafuta mimi niliyenyamaza. Nimechoka kutafuta.

Mambo ya Nyangate yalianza hivi. Thadeus alikuwa anamchemshia viazi vinaungua, moshi unafika kwangu. Siku ya kwanza nilimpa chakula nikageuza uso. Nilimchukia anavyotafuna. Alikuwa hai, anatafuna. Siku ya pili alikuja na bakuli lake mwenyewe, akaliosha kwanza, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasema mjomba Manasseh amemfundisha. Nikaona mtoto anaogopa chakula. Basi nikakaa nikala naye kutoka bakuli moja, aone. Tangu hapo anakuja bila kuitwa. Juzi aliumia goti, akakimbia kwangu akiita mama, kisha akakumbuka, akanyamaza. Nikamwambia aendelee kulia, hakuna ubaya.

Hapa maziwa yote yanachemshwa. Mzee Angwenyi hupita nyumba kwa nyumba kuchungulia vyoo, watu wanamcheka lakini wanachimba. Wawili walishikwa na homa mwezi wa tatu, wakapelekwa mapema, wakarudi. Mmoja ni mtoto wa mtu aliyepanda ngazi kuezua jiko lako. Jiko lenyewe Thadeus ameliezeka upya. Si vizuri sana, mvua itaingia upande wa nyuma.

Unaniuliza urudi au usirudi. Rudi. Mtoto ni wako na anakungoja.

Sitakuja kukupokea barabarani, usinitafute huko. Na siku utakayopika sijui kama nitaweza kula. Labda nitashika kikombe tu kipoe mkononi. Labda nitaondoka. Lakini nitavuka uwanja nije nikae jikoni kwako, mbele ya watu wanaotazama, na nitakaa muda ambao watu hukaa. Hilo naliweza. Mengine siwezi kukuahidi.

Orpah,
Mama Mong'ina